Habari za Ibn Sina na Mpira Uliorushwa

Twapenda kuwaeleza ndugu zetu habari za Abu Ali Ibn Sina. Kijana mmoja wa darsa yetu hapa Hulugho ametuuliza kama yafaa asome skuli kanuni za mwendo, kwani ameambiwa kuwa hiyo ni elimu ya makafiri.

Ibn Sina alizaliwa mwaka 980 Afshana, karibu na Bukhara, akahifadhi Qur'ani kabla hajapita miaka kumi. Angali kijana alimtibu mfalme Nuh bin Mansur, naye akamfungulia maktaba yake. Baadaye alikuwa waziri Hamadan, akafungwa ngomeni, akatorokea Isfahan, na akafa mwaka 1037.

Katika kitabu chake Ash-Shifaa alilishika swali la kale: jiwe likishatoka mkononi, ni nini kilipelekacho mbele? Aristotle alidhani ni hewa ilisukumayo. Yahya an-Nahwi wa Misri alikwisha kulikataa hilo katika karne ya 6. Ibn Sina naye akasema kuwa mrushaji hukipa kitu mayl, yaani mwelekeo, nao hauishi wenyewe ila kwa kupingwa. Pasipo kipingamizi kitu kingekwenda bila kukoma. (Ajabu ni kuwa kwa hoja hiyo alitaka kuonyesha kwamba utupu hauwezekani!)

Newton wa Uingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1687, alieleza kuwa kitu huendelea na mwendo wake ulionyooka, kwa kasi ile ile, maadamu hakuna nguvu ya kukibadili. Basi hapa Ibn Sina alikosea, kwani hakuna nguvu ndani ya mpira iuendeshayo. Ukishaachana na mguu, uzito huuvuta chini na hewa huupunguzia mwendo. Kisha hupokewa na mchanga wetu, nao hauurehemu.

Wala hatufichi kuwa Imamu Al-Ghazali alimkufurisha kwa mambo matatu: kudai kuwa ulimwengu hauna mwanzo, kuwa Mwenyezi Mungu hajui mambo moja moja kwa upekee wake, na kukanusha kufufuliwa kwa miili. Sisi tu pamoja na Imamu. Lakini Imamu huyo huyo aliwalaumu vikali wadhanio kuwa wainusuru dini kwa kukanusha hesabu na elimu ya kupatwa kwa jua na mwezi, kwa kuwa ajuaye ushahidi wake hataitilia shaka hesabu, ataitilia shaka dini.

Kijana tumemrudisha skuli. Itikadi atasoma kwetu baada ya Alasiri.