Harvey Wiley: Mkemia Mkuu aliyewatetea walaji hadi akang'atuka

ALIPOFARIKI dunia Juni 30, 1930, akiwa na umri wa miaka 85, Dk. Harvey Washington Wiley aliiacha Marekani ikiwa na kitu ambacho hakikuwapo enzi za ujana wake: sheria ya nchi nzima ya kumlinda mlaji dhidi ya vyakula na dawa bandia.

Wiley alizaliwa Oktoba 18, 1844, katika familia ya wakulima jimboni Indiana. Alisomea udaktari, kisha kemia katika Chuo Kikuu cha Harvard, na mwaka 1874 akaanza kufundisha Purdue. Huko alibaini kuwa sharubati za sukari zilizouzwa madukani zilikuwa zikichanganywa na glukosi.

Mwaka 1883 alishika wadhifa wa Mkemia Mkuu katika Wizara ya Kilimo mjini Washington. Zama hizo wafanyabiashara walitia formalini katika maziwa na boraksi katika nyama ili visiharibike, na mnunuzi hakuambiwa lolote.

Mwaka 1902, kwa dola 5,000 zilizoidhinishwa na Bunge, aliwakusanya vijana 12 waliojitolea kula milo iliyotiwa kemikali hizo kwa vipimo. Magazeti yaliwabatiza Kikosi cha Sumu. Baadhi yao waliugua, na hoja ya Wiley ikapata nguvu.

Vyama vya wanawake vilimuunga mkono. Kitabu cha Upton Sinclair kuhusu machinjio ya Chicago nacho kiliwasha hasira ya umma, na Juni 30, 1906, Rais Theodore Roosevelt akatia saini sheria hiyo.

Hata hivyo, kutunga sheria ni jambo moja, kuisimamia ni jingine. Wiley alikuwa chini ya waziri ambaye pia alisikiliza malalamiko ya wenye viwanda. Mwaka 1908 Roosevelt, aliyekuwa akitumia sakarini kwa ushauri wa daktari wake, aliunda jopo la wanasayansi lililokuwa na uwezo wa kupinga matokeo ya Mkemia Mkuu. Mwenyekiti wake alikuwa Ira Remsen, mmoja wa wagunduzi wa sakarini.

Wiley naye hakuwa sahihi katika kila jambo. Aliipinga kafeini katika Coca-Cola, na pia benzoeti ya sodiamu, ambazo leo zinaruhusiwa kwa viwango maalumu.

Machi 1912 alijiuzulu, akaendelea kuwatetea walaji kupitia jarida la Good Housekeeping.

Pengo la sheria hiyo lilidhihirika mwaka 1937, pale dawa ya maji iliyotengenezwa kwa kimiminika chenye sumu ilipoua watu zaidi ya 100. Sheria haikumtaka mtengenezaji kuthibitisha usalama wa dawa kabla ya kuiuza. Sharti hilo liliwekwa mwaka 1938, na mwaka 1940 mamlaka ya vyakula na dawa ikaondolewa Wizara ya Kilimo.

Maisha ya Wiley yanaonyesha kuwa mdhibiti asiye na meno, au anayefungwa mikono na wakubwa wake, humwacha mlaji ajilinde mwenyewe.