Bilharz, Mtu Aliyebeba Jina la Kichocho

Kila aliyesoma Baiolojia anakumbuka neno bilharzia. Wengi tunadhani ni Kilatini cha madaktari tu, kumbe ni jina la mtu. Theodor Bilharz alikuwa daktari Mjerumani, na alipofanya ugunduzi uliompa umaarufu huo alikuwa na miaka 26. Huo ni umri wa baadhi yetu tunaosaka digrii hapa hapa chuoni.

Alizaliwa mwaka 1825 katika mji wa Sigmaringen, akasomea Freiburg na Tübingen. Tangu akiwa mwanafunzi alipenda sana hadubini. Mwaka 1850 mwalimu wake, Wilhelm Griesinger, alipata kazi Misri akamchukua kama msaidizi. Bilharz akajikuta katika hospitali ya Kasr el-Aini, Cairo.

Misri ya wakati ule kukojoa damu lilikuwa jambo la kawaida. Wengine waliharisha damu na kuumwa tumbo, wengine walipauka kwa safura. Bilharz akaifanya kazi ambayo wengi wetu tungeikimbia: kupasua maiti, moja baada ya nyingine, akitafuta chanzo. Mwaka 1851 akawaona minyoo weupe, wembamba, ndani ya damu ya mshipa mkubwa unaotoka kwenye utumbo kwenda kwenye ini. Dume ana mfereji mwilini, na jike hukaa humo.

Hapo ndipo kichocho kinapotofautiana na minyoo ya kawaida. Minyoo hawa hawaishi ndani ya utumbo, wanaishi kwenye mishipa ya damu. Mayai yao, yenye mwiba, ndiyo hupenya ukuta wa utumbo au kibofu ili yatoke nje, na njiani huacha vidonda. Yanayoshindwa kutoka hunasa, mengine kwenye ini, na kuliharibu polepole. Bilharz aliona mayai yenye mwiba nchani na mengine yenye mwiba ubavuni. Baadaye sana ilibainika kuwa ni ya minyoo wa aina mbili: mmoja wa kibofu, mwingine wa tumbo.

Griesinger alirudi Ulaya mwaka 1852, Bilharz akabaki. Akawa profesa wa anatomia palepale Cairo, akaandika hata kitabu kuhusu kambare wa umeme wa mto Nile. Mwaka 1862 alisafiri hadi Massawa, pwani ya Bahari ya Shamu, akarudi na homa iliyomuua. Alikuwa na miaka 37 tu. Alikufa bila kujua minyoo wake huingiaje mwilini. Mwaka 1915, miaka 53 baadaye, Robert Leiper alionyesha kulekule Misri kwamba konokono wa majini wanahusika: mabuu hutoka kwa konokono, huogelea na kupenya ngozi ya mtu aliyeingia majini.

Kwa nini nawaletea habari za mzee huyu? Mimi nimekulia kando ya Ziwa Victoria, ambako kichocho cha tumbo kipo mpaka leo. Nilipokuwa fildi, mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha pili alikuwa anashika tumbo kila wiki. Zahanati moja ilimpa dawa za vidonda vya tumbo mara mbili bila kumpima choo. Mara ya tatu alipelekwa kwingine, choo kikawekwa kwenye hadubini, mayai yenye mwiba yakaonekana. Kifaa ni kilekile alichotumia Bilharz. Muda wote huo dogo alikuwa anakosa vipindi, na baadhi ya walimu wakamwita mtegaji.

Sasa tuongee kama ndugu. Kama umekulia ziwani, au umewahi kuoga, kuvua au kulima mpunga kwenye maji ya konokono, na tumbo linakusumbua, mwambie daktari habari hiyo na uombe kipimo cha choo. Usiishie kumeza albendazo ya duka la dawa ukadhani umemaliza, kwani hiyo haitibu kichocho. Dawa yake ni prazikwanteli, na kipimo chake hutolewa kulingana na mwili wa mtu. Nasi tunaokwenda kufundisha, mtoto akisema tumbo linauma, tuulize kwanza anaoga wapi kabla hatujamwita mvivu.