Tippo Tip: alikuzia biashara Kasongo, akazeekea Zanzibar

Kabla ya madini ya Rubaya na Bisie kujulikana, mali iliyotolewa mashariki mwa Kongo ilikuwa pembe za ndovu. Mfanyabiashara wake mashuhuri alikuwa Hamed bin Muhammed, anayejulikana kwa jina la Tippo Tip.

Alizaliwa Zanzibar karibu na mwaka 1837. Kufikia mwaka 1875 alikuwa amefika Kasongo, katika Maniema inayopakana na Walikale. Kasongo ikakua: nyumba kubwa, mashamba ya mpunga na miwa, bustani za matunda. Kiswahili nacho kilienea kwa njia za misafara. Lakini mashamba yalilimwa na watumwa, na vijiji vingi vilivamiwa na watu wake kuchukuliwa mateka.

Mwaka 1887 mfalme Leopold II alimfanya gavana wa Stanley Falls, leo Kisangani. Mwaka 1890 aliondoka Kongo, hakurudi tena. Mwaka 1893 jeshi la Leopold liliteka Kasongo.

Alikufa Zanzibar tarehe 14 Juni 1905. Nyumba yake ingali imesimama huko.

Kwa wakaaji wa Muheto, Masisi na Walikale, maisha yake yanaacha swali: mali inapotoka kwetu, nyumba zinajengwa wapi?