Abebe Bikila na Mtoto wa Lunga Lunga

Likizo iliyopita nilikwenda Lunga Lunga kuwajulia hali wazee wangu, nikaalikwa kutazama mashindano ya riadha katika shule moja ya msingi. Uwanja ulikuwa umejaa vumbi na vifijo. Pembeni, chini ya mwembe, alikaa mvulana ambaye mguu wake mmoja ni mfupi kuliko wa pili. Alikuwa amekabidhiwa nguo na viatu vya wenzake avilinde. Nilimwuliza mwalimu mmoja kwa nini kijana huyo hakupangiwa shindano lolote. Alinieleza, tena kwa upole, kwamba walimhurumia.

Huruma hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Nimeona niwasimulie walimu na wanafunzi maisha ya Abebe Bikila, ambaye wengi wetu tunamjua nusu tu.

Abebe alizaliwa mwaka 1932 katika kijiji cha Jato, kwenye nyanda za juu za Ethiopia. Utotoni alichunga mifugo, na alipokuwa kijana alijiunga na kikosi cha walinzi wa Mfalme Haile Selassie. Huko ndiko alikokutana na Onni Niskanen, mwalimu wa michezo kutoka Sweden, aliyetambua kipaji chake na kukinoa.

Tarehe 10 Septemba 1960, mjini Roma, Abebe alishindana katika marathoni ya Olimpiki bila viatu, kwa kuwa vile alivyopewa vilimbana. Njia ilipita karibu na mnara wa kale wa Aksum, ambao majeshi ya Italia yalikuwa yameung'oa Ethiopia katika miaka ya 1930 na kuupeleka Roma. Hapo ndipo Abebe alipochapua mwendo na kumwacha mpinzani wake, Rhadi Ben Abdesselam wa Morocco. Alimaliza kwa saa 2, dakika 15 na sekunde 16, akawa Mwafrika mweusi wa kwanza kutwaa nishani ya dhahabu ya Olimpiki.

Nusu ya kisa inayojulikana na wengi huishia hapo. Nusu ya pili ndiyo yenye funzo kubwa zaidi.

Mwaka 1964, zikiwa zimesalia wiki chache tu kabla ya Olimpiki ya Tokyo, Abebe alipasuliwa kidole tumbo. Wengi walidhani kwamba angekwenda Japani kama mtazamaji. Hata hivyo, tarehe 21 Oktoba alikimbia, safari hii akiwa na viatu, akashinda kwa saa 2, dakika 12 na sekunde 11. Muda huo ulikuwa bora kuliko wowote uliowahi kupatikana duniani wakati huo. Hakuna aliyewahi kushinda marathoni ya Olimpiki mara mbili kabla yake.

Miaka minne baadaye, mjini Mexico, mguu ulimsaliti. Alivumilia maumivu hadi kilomita ya 17, kisha akasimama. Ushindi ulikwenda kwa Mhabeshi mwenzake, Mamo Wolde.

Mtihani mkubwa zaidi ulikuwa bado mbele. Usiku mmoja wa Machi 1969 gari lake dogo lilipinduka, uti wa mgongo ukaumia. Alipelekwa Uingereza katika hospitali ya Stoke Mandeville. Mikono yake ilirudiwa na nguvu, lakini miguu iliyomshangaza ulimwengu haikutembea tena.

Hospitali hiyo haikuwa hospitali ya kawaida. Daktari Ludwig Guttmann, aliyekuwa akiwatibu hapo askari waliojeruhiwa vitani, aliufanya mchezo kuwa sehemu ya matibabu. Mwaka 1948 alianzisha mashindano ya watu wanaotumia viti vya magurudumu. Mashindano hayo ndiyo yaliyozaa Olimpiki ya walemavu, na ya kwanza ilifanyika Roma mwaka 1960, siku chache tu baada ya Abebe kukimbia katika mji huohuo. Bila shaka wakati ule hakujua kwamba siku moja mlango huo wa pili ungekuwa wake.

Naam, aliuingia. Mwaka 1970 alishindana huko Uingereza katika kulenga shabaha kwa upinde na mshale, akiwa juu ya kiti chake. Mwaka 1971 alikwenda Norway akashiriki mbio za gari la theluji linalokokotwa na mbwa, masafa ya kilomita 25, akashinda. Alifariki dunia tarehe 25 Oktoba 1973, akiwa na umri wa miaka 41, na Mfalme mwenyewe alihudhuria mazishi yake.

Kwa kuwa kazi yangu ni isimu, sina budi kuligusia neno moja. Katika Kiswahili, kilema ni dosari ya mwili, na papo hapo ni jina la mtu mwenye dosari hiyo. Wapo wanaokilaumu kiambishi ki- kwa kumshusha mtu. Mimi sikubaliani nao, maana kiongozi naye anacho, na hakuna aliyelalamika. Tatizo ni kwamba neno hilo moja humfanya mtu na dosari yake kuwa kitu kimoja, hata tukaisahau sehemu yake iliyosalia. Abebe wa mwaka 1970 alikuwa na mikono, macho, pumzi na ari ileile ya Roma. Stoke Mandeville walianzia kwenye vile alivyobaki navyo.

Wahenga walituonya kwamba hujafa hujaumbika. Aghalabu sisi huichukua methali hiyo kuwa kitisho kwa anayecheka wenzake. Mimi naiona pia kuwa ahadi: mtu hajakamilika maadamu yu hai, bado lipo analoweza kuwa.

Basi nawaomba walimu wenzangu jambo dogo. Muhula ujao, kabla ya kupanga mashindano, mwiteni yule kijana wa chini ya mwembe mmwulize anaweza nini. Huenda ana mkono wa kurusha tufe, au jicho la kulenga shabaha. Nguo na viatu vya wenzake vinaweza kujilinda vyenyewe.