Murumbi: Mlinzi wa historia aliyezikwa City Park

Katika bustani ya City Park, eneo la Parklands jijini Nairobi, lipo kaburi la Joseph Murumbi, Makamu wa Rais wa pili wa Kenya. Wengi humkumbuka kwa wadhifa huo alioushikilia kwa miezi michache tu mwaka 1966. Hata hivyo, kazi yake kuu ilikuwa kukusanya sanaa na maandishi ya kuvunja dai la wakoloni kwamba Afrika haikuwa na historia.

Murumbi alizaliwa mwaka 1911 huko Eldama Ravine. Baba yake alikuwa Mgoa na mama Mmaasai, naye alisomea India. Viongozi wa chama cha KAU walipokamatwa mwaka 1952, alikaimu ukatibu mkuu, kisha akaenda uhamishoni Uingereza. Huko alitetea uhuru, huku akinunua vitabu adimu na kazi za sanaa za Kiafrika.

Katika picha nyingi za enzi hizo, Mwafrika alichorwa kama mpagazi katika msafara wa Mzungu, na vinyago vyake vikawekwa katika makumbusho ya Ulaya kama vioja. Kwa Murumbi, vinyago hivyo vilikuwa ushahidi wa fikra, imani na tawala za kale.

Baada ya kuacha siasa, alishirikiana na Mmarekani Alan Donovan kuanzisha African Heritage, duka na ukumbi uliowapa wasanii wa Afrika soko na heshima. Katika miaka ya 1970 aliiuzia serikali nyumba yake ya Muthaiga pamoja na hazina yake, akitarajia pawe kituo cha utafiti wa Afrika.

Matarajio hayo hayakutimia. Nyumba iliachwa ikachakaa, na hatimaye ikabomolewa. Kilichomuuma ni kwamba pigo hilo halikutoka kwa mkoloni, bali kwa taifa huru alilolipigania.

Murumbi alifariki Juni 1990, akazikwa karibu na kaburi la rafiki yake, Pio Gama Pinto, aliyeuawa mwaka 1965. Mwaka 2009 bustani ya kumbukumbu ilifunguliwa hapo, ikiwa na sanamu za wachongaji kama Elkana Ong'esa na Francis Nnaggenda.

Vitabu na nyaraka zake vimo katika Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa. Sehemu ya sanaa yake imo katika Nairobi Gallery, jengo la mwaka 1913 lililokuwa ofisi ya utawala wa kikoloni.