CYRIL CROSSLAND, BWANA WA MINYOO

Sisi wa Garissa bahari twaisikia tu, ingawa Mto Tana wetu huishia huko, karibu na Kipini. Bwana Cyril Crossland alizaliwa Uingereza mwaka 1878. Mwaka 1901 na 1902 alikuwa Unguja, Pemba na pwani yetu ya Kenya, maji yakipwa yeye anaokota minyoo! (Rafiki yangu alicheka sana.)

Kumbe minyoo ya bahari si kama ile ya tumboni. Iko inayogandisha chembe za mchanga kwa ute wake, kijumba juu ya kijumba, mpaka panakuwa mwamba. Wimbi likifika hapo hupungua nguvu, na kaa wadogo hupata pa kujificha. Matumbawe yakifunikwa na tope la mto hufa, lakini minyoo hii, maji yasipochukua mchanga, haijengi kitu.

Crossland aliandika juu ya minyoo na pia miamba ya matumbawe. Baadaye akafuga chaza wa lulu Dongonab, Sudan, kisha akaongoza kituo cha bahari Ghardaqa, Misri. Alifariki mwaka 1943. Minyoo mingine ya Unguja bado yaitwa kwa majina aliyoipa yeye.