Daktari Burkitt na Chembe za Mtoto wa Uganda

Hapa Ngoingwa, kando ya mji wa Thika, twaishi kwenye kimo cha takriban mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Ni wachache miongoni mwetu wajuao kwamba kimo hicho kina nafasi yake katika historia ya tiba, kwa sababu ya daktari mpasuaji aitwaye Denis Burkitt.

Burkitt alizaliwa Ireland mwaka 1911. Akiwa na umri wa miaka 11 alipoteza jicho moja. Chuoni Dublin alianza na uhandisi, akauacha akasomea udaktari, na baada ya kuhudumu jeshini aliajiriwa Uganda mwaka 1946. Mwaka 1957, katika hospitali ya Mulago, aliitwa amtazame mtoto aliyevimba mataya pande zote mbili. Muda si mrefu akamwona mwingine wa namna hiyo huko Jinja. Yamkini daktari mwingine angeandika cheti akaenda zake. Burkitt alitaka kujua watoto hawa walitoka wapi.

Alizitumia hospitali nyingi za Afrika picha za wagonjwa. Kisha, mwishoni mwa 1961, yeye na wenzake wawili, Ted Williams na Cliff Nelson, walipanda gari kuukuu wakasafiri maili 10,000 kwa majuma kumi, wakiuliza hospitali baada ya hospitali. Ramani yake ilidhihirisha kuwa saratani hiyo hufuata joto na mvua. Karibu na ikweta haikuonekana juu ya futi 5,000, yaani kimo hikihiki chetu. Ndipo akashuku kwamba kuna mdudu aenezaye virusi. Mdudu huyo hakupatikana, ingawa baadaye ilibainika kwamba malaria huuandalia mwili njia ya ugonjwa huu. Kirusi chenyewe kilipatikana.

Mwezi Desemba 1963, kipande cha uvimbe wa msichana wa miaka tisa kilisafirishwa kwa ndege kutoka Uganda. Ukungu uliifanya ndege itue Manchester badala ya London, na sampuli ilipofika kwa Anthony Epstein maji yake yalikuwa yamechafuka. Badala ya kuyamwaga, Epstein aliyatazama kwa hadubini, akaona chembe za saratani zikielea zingali hai. Katika chembe hizo zilizooteshwa maabarani ndimo kirusi kilimoonekana mwaka 1964.

Mimi ni mtu wa lugha, na majina hunishughulisha. Ugonjwa unaitwa kwa jina la Burkitt. Kirusi kinaitwa kwa majina ya Epstein na Yvonne Barr. Hata chembe zile zilipewa herufi za majina yao wawili, ilhali zilitoka mwilini mwa msichana. Simlaumu Burkitt, Azimio la Helsinki, linalodai ridhaa ya mgonjwa katika utafiti, lilipitishwa Juni 1964, miezi michache baada ya kirusi kutangazwa. Lakini leo, vyuo vyetu vinapojadili chembe shina, zile ziwezazo kugeuka kuwa damu au mfupa, sioni kwa nini mjadala uanzie Marekani. Swali la nani mwenye chembe iliyokwisha kutoka mwilini ni letu pia.

Burkitt alirudi Uingereza mwaka 1966, akavuma tena kwa kuhimiza ulaji wa nafaka zisizokobolewa, akafariki Machi 1993. Chembe ziitwazo Daudi, zilizotolewa kwa kijana Mkenya wa miaka 16 mwaka 1967, zingali zinaoteshwa na kuuzwa maabarani kote duniani.